Bibi akianza kusahau, msimwongezee popoo

Nimelisema kwenye dirisha la dawa hadi nimechoka, sasa naliandika. Hapa Ngamiani, Tanga, haiishi wiki bila mtu kuniambia: “Dokta, bibi ameanza kusahau, tunamzidishia tambuu. Si watafiti wenyewe wamesema popoo inaamsha ubongo?”

Kinachoniudhi ni kwamba uvumi huu una chembe ya ukweli. Popoo, ile mbegu inayotafunwa kwenye tambuu, ina kemikali iitwayo arekolini, nayo hushika vipokezi vilevile vya asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe wa neva, ambayo hupungua kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Wagonjwa wamewahi kupewa arekolini kwa mshipa, na baadhi wakapata nafuu ndogo ya kumbukumbu. Watu huishia hapo. Hawaulizi kwa nini haikuwa dawa! Damuni inakwisha kwa dakika chache, na vipokezi hivyo vipo pia moyoni, kwenye mapafu, tumboni na kwenye tezi za mate na jasho. Ndiyo maana mapigo ya moyo hushuka, kifua hubana, tumbo husokota. Xanomelini, dawa iliyoundwa kwa kufuata arekolini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer miaka ya 1990. Wengi waliiacha kwa kutapika na kutokwa jasho, wengine walizimia. Marekani imeiidhinisha mwaka 2024, tena kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili, ikiambatana na trospiamu, dawa inayoziba vipokezi vya nje ya ubongo. Tambuu ya bibi haina trospiamu. Ina chokaa, ambayo hugeuza arekolini nyingi kuwa arekaidini, yenye kazi nyingine kabisa. Saratani ya kinywa mnaijua, sirudii.

Galantamini, dawa ya Alzheimer, nayo ilitoka kwenye ua, kweli, lakini yenyewe huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Vitabu huongeza kuwa husisimua pia vipokezi vya nikotini; nina shaka kama hilo linamfikia mgonjwa, na wataalamu bado wanabishana. Nafuu yake ni ndogo, ugonjwa hausimami. Familia zina haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutoa hela.

Kama bibi anatumia donepezili, dawa nyingine ya Alzheimer, na bado anatafuna tambuu, niambieni, kwa sababu vyote viwili vinaweza kupunguza mapigo ya moyo. Na njooni na mfuko mzima wa dawa zake. Piriton, dawa ya mzio, huziba vipokezi hivihivi vya asetilikolini ubongoni, na mzee anayeimeza kila usiku apate usingizi anaweza kuchanganyikiwa na kusahau. Hiyo ndiyo ninayoiulizia kwanza.