Kwa nini VPN inaunganika vizuri, halafu orodha ya stoo haifunguki?

Chukua duka la jumla lenye makao Makoroboi, Mwanza, na tawi Nansio, Ukerewe. Taa ya VPN, ile njia iliyofungwa inayounganisha ofisi mbili kupitia intaneti, ni ya kijani. Ukipiga ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo) kutoka tawini, seva inajibu mara nne kati ya nne. Mhasibu anaweka nywila, inakubaliwa. Anafungua orodha ya stoo, kiduara kinazunguka hadi programu inakata tamaa.

Wengi husema mtandao uko chini, na sisi mafundi tumelisema hilo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mteja ananunua bando kubwa zaidi, anabadilisha ruta, anapandisha antena juu ya bati, na orodha haifunguki bado. Kasi haihusiki. Mtandao wa polepole huchelewesha kila kitu, lakini huu unapitisha vidogo upesi na kuvikwamisha vikubwa moja kwa moja. Ping nayo ndiyo inayotupotosha: ile ya Windows, usipoiambia vingine, hubeba baiti 32 tu. Ni sawa na kupima upana wa mlango kwa kumpitisha paka.

Data husafiri kwa pakiti, na kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1500. Kipimo hicho huitwa MTU. Ifikirie kama sanduku lililotengenezwa litoshe mlangoni barabara. VPN inalichukua sanduku hilo na kulitia ndani ya jingine lenye kufuli. WireGuard, kwa mfano, huongeza baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6 (mifumo miwili ya anwani za intaneti), ndiyo maana MTU yake ya kawaida ni 1420. Hesabu hiyo inadhani njia nzima inapitisha 1500. PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa huduma hutumia kuwaunganisha wateja, peke yake hula 8, na baadhi ya mitandao ya simu hubana zaidi.

Sanduku likigoma mlangoni, ruta ya hapo hulitupa na kutuma mjumbe kwa mtumaji: punguza ukubwa. Mjumbe huyo ni ICMP (taarifa ambazo vifaa vya mtandao hupeana), aina ya 3, msimbo wa 4. Sasa mlinzi wa geti, yaani faiawoli, ameambiwa azuie ICMP yote "kwa usalama". Mjumbe anarudishwa getini, na mtumaji, asiyejua lolote, anatuma sanduku lilelile tena na tena. Ajabu ni kwamba hakuna kifaa kilichoharibika. Kila mmoja ametii amri yake.

Si kila VPN hukwama hivyo hasa. Nyingine huacha sanduku la nje likatwe vipande, kisha faiawoli fulani huvitupa vile vipande. Mtumiaji haoni tofauti.

Kupima, zima VPN, kisha kwenye kompyuta ya tawini andika ping -f -l 1472, ikifuatiwa na anwani ya nje ya makao makuu (lazima upande ule uwe unaruhusu ping). Hiyo -f hukataza pakiti isikatwe njiani, na hizo 1472 ukijumlisha 28 za vichwa, yaani maelezo ya safari yanayotangulia data, unapata 1500. Jibu likisema pakiti inahitaji kukatwa, mjumbe yu hai, au kompyuta yenyewe inajua kipimo. Kukiwa kimya wakati ping ndogo inajibiwa, mjumbe anazuiwa. Shuka kumi kumi hadi ijibu. Tuseme 1412 inapita na 1422 haipiti: njia yako ni takriban 1440. Toa 60, weka MTU ya WireGuard 1380 pande zote mbili. Kisha kwenye ruta bana MSS, yaani data inayoruhusiwa ndani ya pakiti moja ya TCP, iwe 1340, yaani MTU kutoa 40. Na umruhusu yule mjumbe apite. Kuzuia ICMP yote hakukuongezei usalama wa maana.

Kubana MSS husaidia TCP tu, ule usafirishaji unaohakikisha kila pakiti imefika. Simu za video, ambazo mara nyingi hutumia UDP, usafirishaji usiosubiri uthibitisho, zinategemea MTU yenyewe iwe sahihi.

Ila kama hata ping ndogo haifiki kwenye anwani ya ndani ya seva ilhali VPN imeunganika, achana na MTU. Angalia kwanza kama ofisi zote mbili zinatumia 192.168.1.0, mpangilio ambao ruta nyingi huja nao kutoka kiwandani. Kompyuta ya Nansio itamtafuta seva wa Makoroboi humohumo chumbani. Badilisha upande wa tawi, weka kwa mfano 192.168.37.0, na ukumbuke printa yenye anwani ya kudumu, maana hiyo ndiyo itakayolalamikiwa kesho yake asubuhi.