"Miaka miwili tu namaliza": hesabu ya komyuniti koleji

Simu huanza Machi, watu wakishaanza kunusa mahafali. "Shikamoo dada, naomba unisaidie barua ya mwaliko, mama anataka kuja Mei." Marahaba mdogo wangu, ila kabla ya barua, fungua kwanza akaunti yako ya chuo tuone. Ninashauri wanafunzi wa komyuniti koleji hapa Marekani, vile vyuo vya digrii ya miaka miwili ambavyo mtu anaweza kuhamia chuo kikuu baadaye, wengi wao wa kwetu, na barua nyingi za namna hiyo zimeishia hapo hapo.

"Niko fultaimu, sijafeli somo, kwa hiyo miaka miwili namaliza."

Hii ndiyo inayonipandisha presha. Digrii ya miaka miwili kwa kawaida ni krediti 60, yaani zile pointi unazopata kwa kila somo ulilofaulu. Ofisi ya misaada ya fedha inakuhesabu mwanafunzi wa muda wote ukichukua krediti 12 kwa muhula. Sasa zidisha 12 kwa mihula minne: 48. Hakuna aliyekudanganya, ila hakuna aliyekaa na wewe kupiga hesabu. Hiyo 12 ni kizingiti cha kupata Pell kamili, ule msaada wa fedha wa serikali kuu usiorudishwa, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ni kizingiti cha kubaki kihalali. Anayetaka kumaliza kwa miaka miwili anahitaji 15.

Tena hiyo 48 ni kama kila somo linahesabika. Kijana mmoja, anayefanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, alikuja bado amevaa sare ya kazini. Mama yake, kule Mwanza, alikuwa ameshashona kitenge cha sherehe. Akafungua simu, tukashuka pamoja kwenye ripoti yake ya digrii. Krediti 48, zote amefaulu. Lakini 6 zilikuwa za Kiingereza cha wageni, zinakaa kwenye transkripti, ile orodha ya masomo na alama, bila kuhesabika kwenye digrii. Nyingine 3 zilikuwa somo alilochukua kwa sababu muda wake uliendana na shifti. Zikabaki 39. Na somo la hesabu, alilokuwa analikwepa tangu muhula wa kwanza, bado lilikuwa linamsubiri. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama tiketi ya ndege inaweza kusogezwa mbele.

Kwa hiyo nasema kila siku, na nitaendelea kusema: chukua hesabu muhula wa kwanza. Usiiache mwisho kama mtoto anavyoacha mboga kwenye sahani. Halafu uliza kama fani yako inakubali takwimu badala ya aljebra, kwa sababu nyingi zinakubali na watu wanateseka bure. Ukipangiwa masomo ya kukuandaa, yale yasiyo na krediti za digrii, uliza kama unaweza kuingia moja kwa moja kwenye somo lenyewe huku ukipewa msaada wa ziada. California ilibadilisha sheria mwaka 2017 kuelekea huko, na majimbo mengine nayo yamelegeza.

Simwambii mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki achukue krediti 15. Ataanguka, nimeona. Namwambia achukue 12 kila muhula, kisha 6 za kiangazi, ndiyo 30 za mwaka hizo. Tangu 2017 Pell imerudi kulipia kiangazi pia. Ila kumbuka Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya muda wote, na hiyo ni pamoja na ile ya chuo kikuu utakakohamia. Muhula unaoupoteza koleji unaulipia huko mbele.

Na wapenzi wa "unesi miaka miwili", jamani. Hiyo miwili inaanza siku unayopata nafasi kwenye programu. Kabla yake kuna anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia na mengineyo, na nafasi ni za kugombania. Programu nyingi hazipokei krediti za sayansi zilizopitwa na miaka mitano au saba, kwa hiyo ukizichukua mapema halafu ukapumzika, unazirudia.

"Krediti ni krediti, zote zitahama."

Hazihami zote. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2017: wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Tena chuo kikuu kinaweza kuzipokea zote kikazitupa kwenye masomo ya kuchagua, wakati fani yako inaanza sifuri. Jua unakoenda kabla hujajaza masomo ya mwaka wa kwanza.

"Koleji hizo watu hawahitimu, takwimu zinaonyesha."

Kiwango kinachonukuliwa sana huhesabu walioanza chuo kwa mara ya kwanza, wa muda wote, wakamaliza pale pale ndani ya miaka mitatu. Wanafunzi wetu wengi ni wa muda nusu, hawamo kabisa. Aliyehamia chuo kikuu kabla ya kuchukua cheti hahesabiwi mhitimu. Na penye msaada wa kweli mambo hubadilika: CUNY, mfumo wa vyuo vya umma vya jiji la New York, ilianzisha programu ya ASAP mwaka 2007, ikawapa wanafunzi kadi za usafiri pamoja na washauri wasiozidiwa na kazi, na kwenye utafiti asilimia 40 walimaliza ndani ya miaka mitatu, dhidi ya 22 ya wenzao wasiokuwemo. Kadi ya treni, jamani.

"Nimeacha kwenda darasani, nimeshajitoa."

Hujajitoa. Umejiandalia F, na ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini na chuo kinakudai wewe. Kujitoa ni kwa fomu na kuna tarehe yake ya mwisho. Nipigie kabla, si baada.

"Nikimaliza masomo cheti kitakuja chenyewe."

Vyuo vichache vinakuletea. Vingi vinataka uombe kuhitimu, na dirisha hufungwa miezi kabla ya mahafali. Mwaka jana nilimkuta dada mwenye krediti 64, masharti yote yametimia, na kazini kwake bado anaandika kwamba ana elimu ya sekondari. Alidhani cheti kilipotelea posta. Tuliijaza fomu nikiwa nasubiri chai ipoe.