Ruzuku kwa mashirika ya mikoani: maombi mengi yanakwama kabla hata andiko halijasomwa

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu sana kwa mashirika yasiyo ya kiserikali (NGO) ya mikoani Tanzania na sababu inajulikana. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, ilipofika tarehe 1 Julai USAID ikawa imefunga rasmi shughuli zake, na hapo katikati mashirika mengi ya wilayani yaliyokuwa yanapata hela kupitia mashirika makubwa, ya UKIMWI, kifua kikuu, lishe, yalijikuta mwezi huu yamelipa mishahara na mwezi unaofuata hamna kitu kabisa. Wengi wakageukia taasisi za ndani zinazotoa ruzuku, na sisi ni mojawapo. Maombi yameongezeka, malalamiko nayo yameongezeka, na kwa kuwa mimi ndio nakaa na hayo mafaili kila siku nimeona niyaeleze haya kwa uwazi kadiri utaratibu wetu unavyoniruhusu. Siwezi kutaja shirika lolote kwa jina, na nisichokitaja hapa kuhusu maombi ya mtu fulani ni kwa sababu mkataba na sheria vinanizuia.

Nianze na hili lalamiko kwamba ili upate ruzuku "lazima uwe na mtu ndani". Jamani, hapana. Maombi yanapokelewa yanapewa namba, wanaoyapitia hatua ya kwanza wanaangalia nyaraka tu, andiko lenyewe la mradi wanakuja kulisoma watu wengine kabisa. Sasa ukikwama hatua ya kwanza andiko lako halijasomwa na mtu yeyote, kwa hiyo unaposema limepuuzwa kwa sababu limetoka Rukwa au Lindi unalaumu kitu ambacho hakijatokea. Na lingine, andiko la Kiswahili linapokelewa. Limeandikwa hivyo kwenye tangazo kila mwaka lakini bado watu wanalipa mtu wa mjini awaandikie Kiingereza ambacho wao wenyewe hawawezi kukitetea tukiwapigia simu kuuliza swali dogo la bajeti.

Halafu kuna kuchanganya ruzuku na mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo ya vikundi, haina riba lakini inarudishwa, na inaombwa kupitia halmashauri yako. Sisi hatukopeshi. Kikundi cha kuweka na kukopa nacho kina sheria yake ya huduma ndogo za fedha ya 2018 na kiko chini ya usimamizi wa Benki Kuu, hicho sio shirika lisilo la kiserikali hata kama kinasaidia yatima kila Ramadhani na kila Krismasi. Tunaheshimu sana hiyo kazi, ila hatuwezi kuingia nacho mkataba wa ruzuku ya mashirika.

Tuje kwenye usajili, na hapa naomba usome taratibu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni Namba 24 ya mwaka 2002, imefanyiwa marekebisho 2005 na tena 2019. Shirika linasajiliwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa na huna haja ya kupanda basi kwenda Dodoma kwa sababu Afisa Maendeleo ya Jamii wa eneo lako ndio msajili msaidizi na maombi yenyewe yanapita kwenye mfumo wa Msajili wa mtandaoni. Marekebisho ya 2019 ndio yaliyowatenganisha watu: kampuni ni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), jumuiya ni Wizara ya Mambo ya Ndani, wadhamini ni RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), mashirika ni kwa Msajili wa Mashirika, na waliokuwa wamesajiliwa kama kampuni isiyo na hisa huku wanafanya kazi za NGO walipewa miezi miwili tu wahamie. Bado mpaka leo tunaletewa cheti cha kampuni cha zamani na barua ya kueleza kwamba "mchakato unaendelea". Miaka imepita. Mchakato wa namna hiyo hauendelei, umekufa, na sisi hatuwezi kutuma hela kwenye akaunti ya chombo ambacho kisheria hakitakiwi kufanya kazi hiyo.

Marekebisho hayohayo yaliweka ukomo wa cheti, ni miaka 10, na maombi ya kuhuisha unatakiwa uyapeleke miezi sita kabla hakijaisha. Sio miezi sita baada. Kila mwaka unalipa ada, unapeleka taarifa ya kazi na taarifa ya fedha iliyokaguliwa. Mtu anauliza "kwani kuna ubaya gani nikichelewa?" Ubaya ni kwamba sisi tukiangalia na kukuta hudaiwi tunaendelea na faili lako, tukikuta unadaiwa linasimama hapohapo mpaka ulipe kwa kontroo namba na risiti isome. Kuhusu adhabu, anayeendesha shirika bila usajili, anayeghushi nyaraka ili apate cheti, anayetoa maelezo ya uongo kwenye maombi, anayechangisha fedha kinyume na sheria, wote wakitiwa hatiani faini inafika shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili kwa pamoja. Watu wakisikia laki tano wanacheka, lakini kinachouma ni kifungu kinachofuata, kwamba ukitiwa hatiani huruhusiwi kushika uongozi kwenye shirika lolote kwa muda usiopungua miaka mitano. Kwa mtu aliyejenga shirika lake tangu ujana wake hiyo ni adhabu kubwa mno.

Ukishapata ruzuku kuna hili la shilingi milioni 20 ambalo linawapita wengi. Kanuni zilizobadilishwa mwaka 2018 zinataka shirika likipata fedha zinazozidi milioni 20 mkataba wake upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na pia fedha zenyewe zitangazwe kwa umma, zimetoka wapi na zimetumikaje. Siku 10 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya saini. Sio tarehe hela ilipoingia benki, na sio tarehe mwenyekiti aliporudi safari. Na mfadhili hakufanyii hilo, mkataba ni wako kwa hiyo wa kuupeleka ni wewe. Mwaka 2025 tulilazimika kuchelewesha awamu ya pili ya ruzuku kwa mashirika ambayo kazi yao kijijini ilikuwa nzuri kabisa, walengwa wanawasifia, kwa sababu tu hawakuwa na ushahidi kwamba waliuwasilisha mkataba. Inaumiza, maana anayesubiri ni yule mama wa kijijini.

Kodi sasa. Kuna imani imekomaa kwamba NGO hailipi kodi. Sio kweli hivyo. Hadhi ya shirika la hisani kwenye kodi ya mapato inaombwa TRA kwa Kamishna na inatolewa kwa maandishi, haiji yenyewe na cheti cha usajili, na hata ukiwa nayo bado unawasilisha ritani, bado unakata PAYE kwenye mishahara, bado unapeleka NSSF asilimia 20 kwa jumla ya mwajiri na mwajiriwa, na bado unakata kodi ya zuio. Hii ya zuio ndio inatupotezea muda kuliko zote kwa hiyo ngoja niipige hesabu. Umepanga ofisi Singida kwa 300,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita, inakuwa 1,800,000. Asilimia 10 ya hiyo ni 180,000, unaikata wewe mpangaji, mwenye nyumba unampa 1,620,000, ile 180,000 unaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliolipa kuisha, na mwenye nyumba unampa cheti chake cha zuio kwa sababu kwake hiyo ni kodi aliyokwishalipa. Mkataba wa pango nao una ushuru wa stempu wa asilimia 1. Ukimlipa mshauri mwelekezi mkaazi wa Tanzania milioni moja, unakata asilimia 5, anapata 950,000. Tunajua mwenye nyumba atagoma, atasema anataka hela yake kamili. Basi mkubaliane tangu mwanzo na bei iandikwe kwenye mkataba ikiwa na kodi ndani yake, kwa sababu mkaguzi akija na kukuta hukukata, ile 180,000 inakuwa deni lako wewe pamoja na riba yake, na kwenye ruzuku yetu hakuna mstari wa bajeti wa kulipa riba ya TRA. Haujawahi kuwepo na hautakuwepo.

Kwenye masurufu, yaani hela mtu anayopewa mapema kwa ajili ya kazi, naomba niwe mkali kidogo. Mratibu anachukua hela ya semina, anaenda, anafanya, anarudi, halafu risiti zinakaa kwenye mkoba mpaka robo mwaka inaisha. Risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) karatasi yake inafutika, ukiiacha kwenye jua la dashibodi miezi miwili unabaki na karatasi nyeupe na sisi karatasi nyeupe hatuwezi kuipokea hata ukiapa. Itoe kopi siku hiyohiyo na uipige picha. Kijijini ambako muuzaji hana mashine tunapokea risiti ya mkono, iwe na jina lake, namba ya simu, kitu kilichonunuliwa, kiasi, saini au dole gumba, na mtendaji wa kijiji ashuhudie. Hilo tunalielewa vizuri, hatujawahi kumwambia mtu akanunue kuni kwa risiti ya EFD. Tunachokataa ni kitabu kimoja cha risiti kilichojazwa mwandiko mmoja, kalamu moja, maduka saba. Mtu anadhani hatuoni.

Posho nayo, karatasi ya mahudhurio iwe na saini za siku zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, na malipo yakipita kwa simu taarifa ya miamala iambatanishwe. Jina kwenye muamala likiwa tofauti na jina la mshiriki, andika pembeni ni laini ya nani na kwanini. Ni dakika mbili tu.

Nyaraka zinafundishika, lakini kuna jambo linaniumiza zaidi ya hizo nyaraka zote. Ni shirika kukaa kwa mtu mmoja. Mwanzilishi ndio mkurugenzi, mke wake mhasibu, mdogo wake mjumbe wa bodi, nywila ya mfumo wa Msajili anaijua yeye, kitabu cha hundi kiko kwake nyumbani. Sisemi ni wezi, wengi wao ni watu waliojitolea hela yao ya mfukoni miaka mingi kabla ya mfadhili yeyote kufika huko. Ila huyo mtu akiugua shirika linaugua, akifariki watoto wa walengwa wanarudi mtaani wakati familia inagombania akaunti. Ndio maana tunataka watia saini wa akaunti ya benki wa makundi mawili, kundi A na kundi B, wasiwe wa familia moja, na tunataka muhtasari wa kikao cha bodi wa kweli, wenye hoja na waliopinga, sio ule unaosema "wajumbe wote walikubaliana" kuanzia agenda ya kwanza mpaka kufunga. Hela za Marekani zilipokatika ghafla, mashirika tuliyoyaona yamebaki yamesimama hayakuwa makubwa. Yalikuwa yale yenye bodi inayokutana na kubishana, yenye akiba kidogo ya ada za wanachama, yenye vitabu vinavyosomeka na mtu mwingine. Hayo tuliweza kuyapa hata hela ya uendeshaji, ya pango la ofisi na mishahara, kitu ambacho watu wanasema hatutoi. Tunatoa, lakini kwa shirika ambalo tunaona litaendelea kuwepo.

Andiko lenyewe likisomwa, tunachotafuta ni kama unapajua mahali pako. Tukikuta bajeti ya kuwawezesha akinamama wanaokausha dagaa Kigoma ina manunuzi ya dagaa mwezi Juni na Julai, na haisemi chochote kuhusu kupumzisha ziwa, wakati Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika Mei hadi Agosti 2024 na watu wa huko waliishi nayo, tunajiuliza huyu aliyeandika alikaa na hao akinamama au alikopi andiko la Mwanza akabadilisha jina la ziwa. Weka hayo maisha yao kwenye andiko. Hiyo ndio sehemu ambayo mtu wa Dar hawezi kukushinda.

Taarifa binafsi: sheria ya kuzilinda ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo. Shirika linalokusanya majina, namba za simu, hali za afya za walengwa linatakiwa kujisajili kwenye Tume hiyo. Picha ya mtoto anayeishi na VVU usituwekee kwenye ripoti, na usiiweke kwenye mitandao ya kijamii hata kama mlezi wake amesema sawa. Hatuihitaji ili tuamini kwamba ulifanya kazi.

Mwisho kuhusu wanaochukua hela. Fomu yetu haiuzwi. Hakuna ada ya kusajili maombi, hakuna "hela ya kusukuma faili", hakuna wakala wetu wa mkoa. Anayekuambia umpe asilimia 10 ruzuku ikitoka anakupeleka pabaya, kwa sababu hiyo asilimia 10 utaitafutia risiti ya uongo, na risiti ya uongo ikigundulika tunasitisha mkataba, tunadai kiasi kirudi, na kulingana na uzito wake suala linakwenda TAKUKURU au polisi. Ukiombwa hela tupe taarifa kwa maandishi ukiwa na namba ya simu aliyokupigia na tarehe, usitutumie sauti ya kulalamika tu ya WhatsApp, hiyo hatuwezi kuifanyia kazi.

Na kama umekataliwa, barua yako ina sababu. Isome yote mpaka ukurasa wa pili, maana sababu huwa ziko huko. Una siku zilizoandikwa humo za kuomba ufafanuzi, na ufafanuzi unaombwa na mwenyekiti au katibu kwa barua yenye muhuri, sio na shemeji wa mkurugenzi anayepiga simu saa mbili usiku. Likiwa ni suala la ada, ritani au cheti, lirekebishe sasa hivi wakati dirisha la maombi limefungwa, kwa sababu likifunguliwa wilaya nzima inakuwa kwenye foleni ya Afisa Maendeleo ya Jamii mmoja na mfumo unakuwa mzito.