Utawala wa miji sio kanjo

Juzi tulikuwa na sherehe ya familia huku Kiamunyi, Nakuru, baba mdogo akasimama kutambulisha watoto mmoja mmoja, kufika kwa binti yake akasema "huyu ni mtaalamu wa utawala wa miji, ako na kanjo siku hizi," yaani wale wa kaunti wanaofukuza wachuuzi, watu wakapiga makofi na wawili hapo hapo wakaanza kumuuliza atawasaidiaje na vibanda vyao. Nimeisikia hii mara nyingi sana, sasa acha niandike.

Kwa ufupi, utawala wa miji ni vile maamuzi ya mji yanafanywa: nani anaitwa kwa kikao, nani analipa, nani anaulizwa mambo yakiharibika. Sera ya umma ni njia serikali imeamua kufuata kwa shida fulani. Mtaalamu anachunguza hayo na kushauri, basi.

Shida ni hilo neno utawala. Huku kwetu ukilitaja mtu anaona chifu, DO (afisa wa wilaya) na polisi wa utawala, yaani amri tu. Lakini ni neno la Kiarabu, na shina lake ndilo hilo hilo la liwali na la walii, yule anayemsimamia bibi harusi kwenye nikahi. Walii hammiliki binti, amebeba dhamana. Serikali nayo imetoka Kiajemi, sar ni kichwa na kar ni kazi, kwa hivyo serikali ni wale walio kichwa cha kazi, lakini dhamana inaweza kubebwa na watu wengi ambao sio serikali kabisa. Na kanjo ni kaunsili tu tuliyoifupisha mdomoni, kaunsili zenyewe ziliisha 2013 lakini jina likabaki kwa askari wa kufukuza wachuuzi.

Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na kwa sheria ya miji ya 2011 jiji linasimamiwa na bodi na meneja, meya hakuna. Sasa simama katikati ya mji uangalie: barabara kuu ya kwenda Eldoret iko chini ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu, reli ni ya shirika la reli, soko ni la kaunti, mbuga hapo chini ni ya KWS, shirika la wanyamapori, maji yana kampuni yake, na steji ukweli ni kwamba inaendeshwa na watu wa matatu. Hamisha mchuuzi mmoja kutoka kando ya barabara uone wangapi wataguswa, na hakuna anayeweza kuimaliza hiyo stori peke yake. Huo mvutano ndio utawala wa miji, na serikali ni mmoja tu wa walio ndani yake.

Huyu dada yangu alianza na jiografia, akaongeza digrii ya pili ya sera, akazunguka masokoni miaka akiuliza akina mama wanalipa ushuru kiasi gani na choo kiko wapi, saa hii anaandika ripoti ambazo kaunti inaweza kufuata ama kuweka kabatini. Hana kibanda cha kugawia mtu. Iliniuma vile alinyamaza siku hiyo, juu hiyo kazi ameijenga polepole sana.

Kwa hivyo baba mdogo, kwa heshima, ukimtambulisha tena sema anachunguza vile mji unaamuliwa. Na wenye vibanda wakimfikia wasimuombe nafasi, wamuulize kikao cha kuwahamisha kinaitishwa na nani na wao wanaingiaje, hapo atawajibu hadi usiku.