Je, Wajua? Kwa Nini Waswisi wa Saint-Gingolph Huzikwa Ufaransa

Mkatoliki wa Saint-Gingolph upande wa Uswisi akifariki, ndugu na jirani humsindikiza kuvuka daraja na kuingia nchi nyingine. Kanisa la kijiji liko Ufaransa, makaburi yako Ufaransa, na parokia yenyewe iko chini ya jimbo la Annecy, mji wa Ufaransa. Ajabu ni kwamba hawa waliozikwa pamoja waliishi katika kijiji chenye mameya wawili, sarafu mbili na sheria za nchi mbili. Imekuwaje walio hai wakagawanywa, wafu wakaachwa mahali pamoja?

Saint-Gingolph iko ukingo wa kusini wa ziwa Léman, pale ambapo milima ya Alps inashuka karibu hadi majini na kuacha ukanda mwembamba tu wa kujenga nyumba. Katikati ya kijiji unapita Morge, mto mdogo unaoteremka kutoka milima ya Novel. Magharibi ya mto ni Haute-Savoie, mkoa wa Ufaransa. Mashariki ni Valais, kantoni ya Uswisi. Kila upande una wakazi wapatao elfu moja au pungufu, na daraja linalowaunganisha unalimaliza kwa hatua chache.

Mpaka huu ni mkongwe kuliko nchi zote mbili katika eneo hilo. Mwaka 1536 watu wa Bern na wa Valais walivamia ardhi za mtawala wa Savoy, na Valais ikachukua mwambao hadi mto Dranse, karibu na mji wa Thonon. Mwaka 1569 pande mbili zilikubaliana huko Thonon: Valais irudishe ardhi iliyo magharibi ya Morge, ibaki na ya mashariki. Wakati huo Savoy haikuwa Ufaransa, na Valais ilikuwa mshirika tu wa Waswisi. Valais iliingia rasmi katika shirikisho la Uswisi mwaka 1815, nayo Savoy ikatwaliwa na Ufaransa mwaka 1860. Kabla ya hapo, kuanzia 1810 hadi 1813, Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyeishikilia pia Savoy wakati huo, aliigeuza Valais kuwa mkoa wa Ufaransa, kwa hiyo kwa miaka mitatu kijiji kizima kilikuwa chini ya dola moja.

Jibu la swali letu limo katika mkataba ule wa 1569. Watawala waligawana mamlaka: nani atoze kodi, nani ahukumu, nani aweke askari. Mali ya wanakijiji hawakuigusa. Misitu na malisho ya mlimani yalikuwa mali ya pamoja ya koo za wenyeji, na koo hizo zilikuwa pande zote mbili za Morge. Hadi leo ipo jumuiya moja ya wenyeji hao, yenye kumiliki misitu na malisho Ufaransa na Uswisi kwa pamoja. Parokia nayo haikukatwa. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha zaidi: wafalme, mapinduzi na vita vimepita, lakini umiliki wa msitu na uanachama wa parokia vimedumu.

Ziwa pia liliwaweka pamoja. Kwa karne kadhaa watu wa mwambao huu walisafirisha kuni, mbao na mawe ya Meillerie, kijiji jirani, kwa mashua kubwa zenye matanga ya pembetatu. Mtu wa Lamu au Zanzibar akiziona picha zake atakumbuka majahazi mara moja. Historia ya mashua hizo imehifadhiwa katika makumbusho yaliyo ndani ya ngome ya zamani, upande wa Uswisi.

Hata forodha ilibidi iwape nafasi. Mwaka 1829 ufalme wa Sardinia, uliotawala Savoy wakati huo, ulikubali kurudisha nyuma mstari wake wa ushuru hapa Saint-Gingolph. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Ufaransa ilitaka kufuta maeneo ya aina hii, yasiyotozwa ushuru, yaliyopakana na Uswisi. Kesi ikafika mahakama ya kimataifa mjini The Hague, na mwaka 1932 Uswisi ikashinda.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja Julai 1944. Tarehe 22 wapiganaji wa msituni walishambulia kituo cha Wajerumani upande wa Ufaransa. Wakazi walijua kisasi kinakuja, wakavuka Morge kwa wingi kuingia Uswisi, nchi isiyokuwa vitani. Kesho yake askari wa SS, kikosi cha Kinazi, waliwapiga risasi wakazi kadhaa waliobaki, akiwemo padri wa parokia, kisha wakachoma nyumba nyingi. Kanisa lilisalimika. Mto ambao mtoto anaweza kuuvuka siku hiyo ulitenganisha uhai na kifo, na waliofungua milango ng'ambo walikuwa jamaa na waumini wenzao.

Siku hizi kuvuka ni jambo la kila saa. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini tangu Desemba 2008 imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo hakuna anayeombwa pasipoti kama kawaida. Forodha bado ipo: anayenunua nyama Ufaransa haruhusiwi kuingia nayo Uswisi bila ushuru ikizidi kilo moja kwa mtu. Wengi wa upande wa Ufaransa hufanya kazi Uswisi, kwenye mishahara mikubwa, na wa Uswisi huvuka kununua chakula kwa bei nafuu. Kuanzia Machi hadi katikati ya Juni 2020, wakati wa korona, mpaka ulifungwa kwa wasio na ruhusa maalumu, na jirani wa ng'ambo ya mto akawa mtu wa nchi ya kigeni kweli.

Ukitaka kwenda kwa treni, pitia Uswisi. Reli kutoka Evian upande wa Ufaransa iliacha kubeba abiria mwaka 1938, lakini treni za Valais bado zinafika. Shuka kituo cha mwisho, kisha utembee hadi Ufaransa.