Mnaniuliza Ugumu wa Maji, Mimi Nawauliza Choo Kiko Wapi

Zahanati ninayofanya kazi iko pembezoni mwa mji wa Malindi, kule ambako mfereji ukikauka kila mtu hurudi kisimani. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniletea maji kwenye chupa ya soda nimwambie kama ni magumu. Haya, tujibizane.

Maji magumu ni yapi hasa?

Ni maji yaliyoyeyusha kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mawe. Malindi imekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa, basi kisima cha hapa kitakosaje kuwa hivyo? Utayajua kwa sabuni: wasugua weee, povu haliji. Tazama na birika lako la chai, lile ganda jeupe ndani. Chumvi ni jambo jingine. Hiyo ni bahari inayopenya chini kwa chini, hasa penye pampu inayovuta kutwa kucha. Kisima kimoja chaweza kuwa na yote mawili. Maji ya mfereji hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, kwa hiyo usiyapime kwa ladha ya kisima chako.

Yanadhuru mwili?

Ugumu wenyewe, kwa kawaida hapana. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Maji yakipita miligramu 180 kwa lita, kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti, huhesabiwa magumu sana, na hata hapo malalamiko huwa ni ladha, sabuni na mabomba kuziba. Ngozi ikikauka, paka mafuta. Mwenye presha ndiye aogope yale ya chumvi. Huyo atafute ya mfereji au ya mvua.

Na mawe ya figo?

Ninaowaona na maumivu ya mawe ni watu wa tuktuk na wa mjengo, wanaoshinda juani na soda moja. Mkojo wao rangi ya chai. Kinachowaponza ni kukosa maji, na wewe unataka kuyaacha kwa kuogopa ugumu?

Mtoto anaharisha tangu tuhamie plot mpya. Si ni ugumu wa maji tu, atazoea?

La. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Najua lilikotoka. Mgeni akinywa maji yenye magnesiamu na salfeti nyingi, tumbo laweza kulegea siku moja mbili, kisha likatulia. Watu wakalichukua hilo wakamvisha kila mtoto anayeharisha. Juzi nililetewa wa miezi kumi na mmoja, siku ya nne. Nilifinya ngozi ya tumbo nikaiachilia, ikabaki imesimama kama pindo la leso. Analia, machozi hayatoki. Mama yake akaniambia kwa upole kabisa, "Daktari, ni maji ya kule, twangoja azoee." Mtoto hazoei vijidudu. Anakaukiwa.

Kwa hiyo tena: la, si ugumu. Mtoto akiharisha, hesabu kwamba ni uchafu, na uanze kumtibu siku hiyohiyo.

Bibi yake asema ni meno.

Shikamoo bibi, lakini la. Meno yanapoota mtoto hutia kila kitu mdomoni, na mikononi mwake mna vya sakafuni. Kinachomharisha ni hicho alichokitia.

Nimpunguzie vinywaji tumbo lipumzike?

La, la, la. Anachopoteza lazima kirudi. Mnyonyeshe zaidi. Mpe ORS, ile poda ya pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, kila anapoharisha: chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe, zaidi ya hapo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena, kijiko kwa kijiko. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, kwani ziko za nusu lita na za lita moja, na maji yawe yaliyochemshwa. Zinki tutampa hapa, ya siku 10 hadi 14. Mmalizie hata kama choo kimeshika siku ya tatu. Dawa za kuzuia choo za dukani usimpe. Na mchanga wa chini ya miezi sita hana haja ya maji hata jua liwe kali vipi. Titi latosha.

Maji ya kisima chetu ni meupe pe, na yana chumvi kidogo. Chumvi si huua vijidudu?

Chumvi ya kisimani haiui kitu. Na weupe hauonyeshi kijidudu. Mimi huuliza choo kiko wapi. Twafundishwa angalau mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, lakini matumbawe yana nyufa, maji machafu hupita humo bila kuchujwa kama yangepita kwenye mchanga. Na kwenye plot za watu kumi, hizo mita 30 ziko wapi? Shabu nayo hutuliza tope tu. Ukishaitia, bado hujatibu maji.

Nifanyeje basi?

Chemsha mpaka yatokote sawasawa, au tia klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na ungoje nusu saa. Kuchemsha hakutoi chumvi, usinilaumu kwa ladha. Mfereji ukirudi baada ya siku kadhaa, ya mwanzo mwaga au fulia, kwa sababu bomba tupu hunyonya uchafu penye nyufa.

Kisha funika mtungi, na uitazame kata yako. Nimeingia nyumba ambayo maji yamechemshwa vizuri sana, halafu kata imelala sakafuni, kuku amepita, mtoto akaiokota na kuizamisha mtungini mpaka kwenye kifundo cha mkono. Tafuta ndoo yenye bomba.

Nimlete lini?

Chini ya miezi sita, leo. Macho yamedidimia, leo. Damu kwenye choo, anatapika kila kitu, amelegea au hawezi kunywa, leo, hata usiku. Choo kama maji ya mchele, mtoto au mtu mzima, usingoje hata chai iive, na umnyweshe ORS njiani. Wengine wote, ikifika siku ya pili bila nafuu.

Lakini chupa niliyokuletea hujanijibu. Ni magumu au si magumu?

Ni magumu. Mtoto yuko wapi?