Thamani ya fedha kwenye gari la spoti la bei nafuu: maana yake na namna ya kuipima

Mtu akisema gari fulani la spoti lina thamani ya fedha, mara nyingi amepiga hesabu moja tu kichwani: kachukua bei akaigawa kwa nguvu za farasi. Hesabu hiyo ndiyo inayoiangusha Toyota GR86, na pacha wake Subaru BRZ, kila mjadala unapoanza. GR86 ya mwaka 2022 iliingia sokoni Marekani kwa dola 27,700 ikiwa na farasi 228, yaani kila farasi kwa dola 121 hivi. Kwa fedha karibu hizo hizo mtu alipata Ford Mustang ya injini ndogo ya turbo yenye farasi 310, chini ya dola 90 kwa farasi. Mazda MX-5 ndiyo kabisa: farasi 181, kila mmoja kwa karibu dola 150. Ukiishia hapo, Mustang imeshinda na hakuna cha kujadili.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inapima injini, na wewe hununui injini tupu. Thamani ya fedha, kwa gari la aina hii, ni uwezo unaoweza kuutumia kweli na kuurudia mara kumi bila gari kuchoka, ukilinganisha na fedha ulizotoa siku ya kununua pamoja na zile utakazoendelea kutoa kila mwezi. Farasi wamo ndani ya maana hiyo, lakini wamekaa na uzito, mshiko, breki na bei ya vitu vinavyoisha.

Anza na uzito, kwa sababu ndio unaogeuza mjadala. Badala ya dola, gawa farasi kwa tani. Mustang ile ina kilo kama 1,600, hivyo inapata farasi 194 kwa tani. GR86 ya kilo 1,275 inapata 179, na MX-5 ya kilo 1,060 inapata 171. Pengo la farasi 310 kwa 181 lilionekana kama mbingu na ardhi. Kwenye tani limebaki dogo. Kisha mpakie dereva wa kilo 80, maana gari haliendi lenyewe, na namba zinashuka kuwa 185, 168 na 159. Gari jepesi ndilo linaloumia zaidi kwa kila mtu anayepanda, na mwenye MX-5 huliona hilo siku anapompakia mwenzake na mizigo ya safari.

Angalia pia ni farasi yupi anayetajwa. Kilowati moja ni farasi 1.34 wa Marekani na Uingereza, lakini ni farasi 1.36 wa Japani na bara la Ulaya. Hiyo ni sababu mojawapo GR86 inaandikwa farasi 228 kwenye karatasi za Marekani na 235 kwenye za Japani. Ukitaka kulinganisha magari ya nchi mbili, tumia kilowati.

Namba ya pili inayopotosha ni ile ya sifuri hadi 100, yaani sekunde za kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Kwanza, Wamarekani wanapima hadi maili 60, ambayo ni kilomita 97, na majarida yao mengi huanza kuhesabu muda baada ya gari kusogea futi moja, jambo linalopunguza kama sehemu tatu za kumi ya sekunde. Pili, kuipata namba hiyo kwenye gari la gia ya mkono unapandisha mizunguko, unaachia klachi kwa ghafla na kubadilisha gia kwa nguvu. Hakuna mwenye gari lake anayefanya hivyo kila asubuhi, kwa sababu klachi anainunua yeye. Toyota Camry ya V6 yenye farasi 301, gari la kubebea familia, ilikuwa inaiacha GT86, toleo la kwanza lililotangulia GR86, kwenye barabara iliyonyooka. Ni kweli tupu, na wanaoitaja wana haki ya kuitaja. Anayetaka mwendo wa kunyooka tu kwa fedha chache asinunue gari la aina hii.

Kinachohisiwa kila siku ni torki, nguvu ya injini ya kusokota ambayo wewe unaihisi kama mvuto ukiwa tayari unatembea, na hapa ndipo GT86 ya mwaka 2012 ilipokuwa na kasoro ya wazi. Injini yake ya lita 2.0, yenye pistoni zilizolala ubavu, ilitoa torki yake ya juu, Nm (newtonmita) 205, kuanzia mizunguko 6400 kwa dakika. Katikati palikuwa na shimo. Weka gia ya tatu, mwendo wa kilomita 75 kwa saa, mshale wa mizunguko unakaa karibu na 4000. Kanyaga mafuta. Sauti inapanda, gari haliongezi, kama mtu anayepanda ngazi akakuta kidato kimoja hakipo. Ukivuka 4500 hivi linaamka na kuchanganya vizuri hadi zaidi ya 7000. Watu wengi walioendesha dakika ishirini na dirisha la muuzaji likiwa bado limebandikwa karatasi walirudi wakisema gari ni zito la kuvuta. Walikuwa wameliendesha lote ndani ya lile shimo.

GR86 iliziba shimo hilo kwa njia ya kawaida kabisa: kipenyo cha silinda kilipanuliwa kutoka milimita 86 hadi 94, injini ikawa lita 2.4, na torki ikafika Nm 250 kwenye mizunguko 3700. Muda wa sifuri hadi 100, kwa gia ya mkono, ulitoka sekunde 7.6 hadi 6.3. Lakini ukiniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilichoongeza thamani ya fedha, nitajibu ni ile 3700. Sekunde utazitumia mara chache. Mvuto wa katikati unautumia kila unapopita lori.

Sasa mshiko. GT86 ilitoka kiwandani na tairi za Michelin Primacy HP za saizi 215/45R17, jamii ya tairi zilizokuwa zikipatikana hata kwenye Toyota Prius. Wakosoaji walicheka, lakini ulikuwa uamuzi wa makusudi: tairi yenye mshiko mdogo inaanza kuteleza mwendo ukiwa mdogo, polepole, na dereva anapata muda wa kuhisi na kurekebisha. Toleo la pili, GR86, linaweza kuja na tairi za Michelin Pilot Sport 4 za 215/40R18, na hapo gari linashika kona vizuri zaidi. Kwa maana yetu, hili ni muhimu: upungufu wa tairi unautibu kwa seti moja ya tairi nne, wakati upungufu wa chasi hautibiki. Injini iliyolala imewekwa chini sana, kiasi kwamba kitovu cha uzito cha GT86 kiko milimita 460 tu kutoka ardhini. Huwezi kukinunua hicho baadaye dukani.

Difu, gia zinazogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma, nayo haionekani kwenye karatasi ya bei, ila ipo kwenye kona. Difu ya kawaida huachia nguvu ipite upande ambao tairi haina mshiko. Ukitoka kwenye kona kali kwa gia ya pili, gari linalalia tairi za nje, ya ndani inakuwa nyepesi, inazunguka bure na gari halisogei. Difu ya Torsen, ambayo matoleo mengi ya GT86 na BRZ yalikuja nayo, hupeleka nguvu zaidi kwenye tairi iliyoshika. Kabla ya kununua hakikisha toleo unalotaka linayo, kwa sababu yale ya bei ya chini kabisa katika baadhi ya masoko hayakuwekewa.

Breki ndizo zinazotenganisha gari linaloweza na gari linaloonekana linaweza. Kusimamisha gari ni kugeuza mwendo kuwa joto. GR86 na dereva wake, kilo 1,355, wakiwa kwenye kilomita 100 kwa saa wamebeba kilojuli kama 523. Mustang na dereva, kilo 1,680, wamebeba 648. Ni karibu robo zaidi, kila mara unapofunga breki, na joto lote hilo linaingia kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Kutoka kilomita 150 joto linazidishwa mara mbili na robo. Ndiyo maana gari zito linahitaji diski kubwa, pedi kubwa na rimu kubwa za kuzifunika, halafu tairi pana za kufaa rimu hizo. Kila kimoja kina bei yake. Gari jepesi linakulipa hapa, kimyakimya, mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo breki za kiwandani za magari haya hazikutengenezwa kwa uwanja wa mbio. Baada ya kuuzunguka uwanja mara chache kwa kasi, mambo mawili yanaweza kutokea, na kuyatofautisha kunakuokolea fedha. Kanyagio likibaki gumu chini ya mguu lakini gari halisimami, pedi zimepita joto lake. Dawa ni pedi za kiwango cha juu zaidi. Kanyagio likizama, laini kama sifongo, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanwa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta mapya ya DOT 4 ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote, na ndiyo ya kwanza kufanya.

Kuna mambo ambayo yanapunguza thamani na hayafai kufichwa. Mwaka 2018 BRZ na ndugu zake wa miaka ya mwanzo waliitwa kiwandani kwa ajili ya springi za valvu ambazo zingeweza kuvunjika na kuzima injini. Kazi hiyo hulazimu injini itolewe na kufunguliwa kwa sehemu, na ikifanywa ovyo inaacha tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo. Kwenye injini ya lita 2.4, wamiliki wanaokwenda viwanjani wameona presha ya oili ikishuka kwenye kona ndefu za kulia, na waliofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, wamekuta vipande vya silikoni ya kuzibia vimekwama kwenye chujio la kunyonyea oili. Kwa barabara ya kawaida kona kama hizo ni nadra. Anayekwenda uwanjani afungue sampu, asafishe chujio, na aweke geji ya presha.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, magari haya yana usukani wa kulia na yanaletwa kutoka Japani, kwa hiyo hesabu inaongezewa mistari. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania una mpaka wa ukubwa wa injini wa cc 2000: GT86 yenye cc 1998 iko chini ya mpaka huo, GR86 yenye 2387 iko juu yake. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hulitoza la zamani ushuru wa ziada wa uchakavu. Injini ya kwanza ina mgandamizo mkubwa, wa 12.5 kwa 1, na kwa hiyo Japani hunyweshwa petroli ya oktani ya juu. Ukiipa ya chini, sensa husikia injini ikigonga, kompyuta inachelewesha moto wa plagi, na wewe unaendesha farasi wachache kuliko uliowalipia. Tumbo liko sentimita 13 tu kutoka ardhini, jambo ambalo matuta ya mitaani hayalisamehi. Na kwa kuwa magari haya hupendwa na wacheza drifti, mchezo wa kuliteleza gari kwenye kona, isome karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani: alama ya R inamaanisha gari liligongwa likatengenezwa.

Ukipata nafasi ya kulijaribu, acha sifuri hadi 100. Liendeshe hadi injini ipate moto, tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya tatu kwenye kilomita 60 na ukanyage mafuta hadi 100 ukisikiliza kama kuna mahali linasita. Funga breki kwa nguvu mara tano mfululizo, pale ambapo nyuma yako hakuna mtu, ukilinganisha kanyagio la mara ya tano na la mara ya kwanza. Kisha kata kona taratibu, usukani umezungushwa wote, madirisha yakiwa wazi, ukisikiliza kama kuna mlio usio wa kawaida. Halafu pita dukani uulize bei ya tairi nne za saizi yake, pedi za mbele na klachi, uiandike kando ya bei ya gari.